Kutoka Slipu ya UNEB hadi Darasa la Saikolojia: Mwongozo Kamili wa Njia za Kuingilia Nchini Uganda

Kila mwaka, siku chache baada ya UNEB, yaani Baraza la Taifa la Mitihani la Uganda, kutangaza matokeo ya kidato cha sita, meza yangu katika chumba cha walimu hugeuka kituo cha kupigia hesabu. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili katika shule moja ya sekondari ya magharibi mwa Uganda, na pamoja na vipindi vyangu nimekabidhiwa kazi ya kuwashauri wanafunzi kuhusu kozi za vyuoni. Wanakuja na slipu za matokeo zilizokunjwa mara nne, wengine wakifuatana na wazazi wao, na swali la wale wanaoipenda saikolojia huwa karibu lilelile: "Mwalimu, nina pointi 17, je, saikolojia nitaipata?"

Swali hilo halijibiki jinsi linavyoulizwa. Pointi 17 ambazo mwanafunzi anazitaja si kipimo ambacho chuo kikuu cha umma hukitumia kuchagua watu wa kozi fulani, na neno saikolojia lenyewe limebeba taaluma kadhaa ambazo kila moja ina mlango wake na masharti yake. Nimeuandika mwongozo huu kwa ajili ya mwanafunzi aliye kidato cha nne, aliyemaliza cha sita, aliyekosa alama, na mtu mzima ambaye tayari yuko kazini, nikifuata mpangilio uleule ninaoufuata mezani na wanafunzi wangu.

Hatua ya kwanza: Taja kazi kabla ya kutaja kozi

Kabla sijaiangalia slipu, humwomba mwanafunzi anieleze siku moja ya kazi anayoiwazia: yuko wapi, amekaa na nani, anafanya nini. Majibu yake huonyesha haraka kwamba wengi wanachanganya kazi ambazo njia zake huachana mapema sana.

Anayejiona amevaa koti jeupe akiandika dawa kwa ajili ya mgonjwa wa akili anamzungumzia daktari bingwa wa magonjwa ya akili, ambaye si mwanasaikolojia. Huyo husoma udaktari kwa miaka mitano, hufanya mazoezi ya kazi hospitalini, kisha hurudi chuoni kwa shahada ya uzamili ya udaktari wa akili kwa miaka mitatu. Njia hiyo hudai biolojia na kemia katika kidato cha tano na cha sita, na kwa hiyo uamuzi wake hufanyika siku ya kuchagua kombinesheni, yaani mchanganyiko wa masomo makuu, si siku ya kujaza fomu ya chuo. Nimewahi kumpokea kijana mwenye historia, fasihi na dini, alama zake nzuri kabisa, aliyeamini kwamba shahada ya saikolojia ingemfikisha kwenye kuandika dawa. Haimfikishi, na ni heri kulijua hilo akiwa na miaka 16 kuliko akiwa na miaka 22.

Anayetaka kupima na kutibu matatizo ya akili kwa mazungumzo na mbinu za kitaalamu, bila dawa, anamtaja mwanasaikolojia tiba. Hapa Uganda kazi hiyo hufikiwa kwa shahada ya kwanza yenye saikolojia ndani yake, ikifuatwa na shahada ya uzamili ya saikolojia tiba, ambayo katika Chuo Kikuu cha Makerere huchukua miaka miwili pamoja na mazoezi ya kukaa na wagonjwa chini ya msimamizi. Anayependa kufanya kazi na makundi, familia, shule na kambi za wakimbizi atatazama saikolojia ya jamii. Anayevutiwa na kuajiri watu, kuwapima uwezo na kuzuia migogoro kazini atatazama saikolojia ya kazi na mashirika. Hizo mbili za mwisho ni shahada kamili za miaka mitatu Makerere, katika Shule ya Saikolojia iliyo chini ya Koleji ya Sanaa na Sayansi za Jamii. Chuo Kikuu cha Kyambogo, kwa upande wake, kina mizizi katika mafunzo ya ualimu, na ushauri nasaha una nafasi yake huko.

Ipo pia njia ambayo wanafunzi wangu huidharau bila sababu, nayo ni ya mafunzo ya afya ya akili katika vyuo vya Butabika, kando ya hospitali ya taifa ya rufaa ya magonjwa ya akili jijini Kampala. Huko hufundishwa wauguzi wa akili na maafisa tabibu wa afya ya akili. Wahitimu wake huwaona wagonjwa wengi kuliko mtu mwingine yeyote katika wilaya zetu, na stashahada yao inaweza baadaye kuwafungulia mlango wa shahada. Masharti yake hudai masomo ya sayansi kutoka kidato cha nne, na kwa hiyo mwanafunzi wa kidato cha tatu anayewaza afya ya akili asiiache biolojia ilale.

Hatua ya pili: Isome slipu kwa usahihi

Jambo la kwanza la kuondoa akilini ni imani kwamba ni lazima uwe umesoma saikolojia shuleni. UNEB haitahini somo hilo katika kidato cha sita. Wanaolisoma ni wale walio katika shule za kimataifa zinazofuata mitaala ya Uingereza, nao ni wachache. Mwanafunzi wa Soroti na wa Mbarara wanaingia darasa la kwanza la saikolojia wakiwa sawa, bila aliyewahi kulisoma, na ndiyo maana vyuo hukubali kombinesheni nyingi.

Sasa alama. Katika mtihani wa kidato cha sita, kila somo kuu kati ya matatu hupewa herufi, na kila herufi ina pointi zake: A ni 6, B ni 5, C ni 4, D ni 3, na E ni 2. Herufi hizo tano ndizo zinazohesabiwa kuwa pasi kuu, ile ambayo wanafunzi huiita prinsipo. O ni pasi tanzu yenye pointi 1, na F haina kitu. Juu ya masomo makuu kuna masomo tanzu mawili: GP (General Paper, somo la maarifa ya jumla), ambayo kila mtu huifanya, na ama hisabati tanzu ama tanzu ya kompyuta. Kila moja ya hizo hutoa pointi 1 tu, hata ukiipata kwa daraja la juu kabisa. Ndiyo maana kiwango cha juu kabisa ni pointi 20, yaani 18 za masomo makuu na 2 za tanzu.

Sharti la msingi la kuingia chuo kikuu moja kwa moja ni kuwa na cheti cha kidato cha nne chenye masomo yasiyopungua matano uliyofaulu, pamoja na pasi kuu mbili za kidato cha sita zilizopatikana katika mtihani mmoja. Maneno hayo ya mwisho huwaponza watu. Aliyepata pasi kuu moja mwaka huu, akarudia mwaka ujao akapata nyingine moja, hajatimiza sharti kwa kuziunganisha. Tena, kutimiza sharti la msingi hukupa haki ya kuomba tu. Kuchaguliwa ni jambo jingine, na ndilo linalotupeleka kwenye hesabu halisi.

Hatua ya tatu: Piga hesabu ya uzito, kwa kila kozi peke yake

Vyuo vikuu vya umma havijumlishi pointi kama zilivyo. Kila kozi huyagawa masomo katika makundi. Masomo ya lazima kwa kozi hiyo, kwa kawaida mawili uliyofanya vizuri zaidi kati ya yaliyoorodheshwa, huzidishwa kwa 3. Somo husika, ambalo ni la tatu, huzidishwa kwa 2. Masomo tanzu huzidishwa kwa 1, na somo lisilo katika orodha ya kozi huzidishwa kwa 0.5. Kisha huongezwa alama za kidato cha nne, ambazo kwa vyeti vya mfumo wa zamani ni 0.3 kwa kila distinksheni (alama ya 1 au 2), 0.2 kwa kila krediti (3 hadi 6) na 0.1 kwa kila pasi ya 7 au 8. Makerere tangu mwaka 1990 huwaongezea wasichana pointi 1.5.

Nitaionyesha hesabu hii kwa slipu ya msichana mmoja aliyekuja na zile pointi 17. Alikuwa na A katika dini, B katika historia, C katika fasihi, na pasi katika tanzu zote mbili: 6 na 5 na 4 na 2, jumla 17. Katika kidato cha nne alikuwa na distinksheni tatu, krediti tano na pasi mbili, yaani 0.9 na 1.0 na 0.2, ambazo ni 2.1. Tulichukua daftari lake, tukaligeuza nyuma, tukachora safu tatu kwa kozi tatu za mfano.

Katika safu ya kwanza tulichukua kozi inayotaka masomo mawili bora, yoyote yale. Dini na historia zilizidishwa kwa 3 zikatoa 33, fasihi kwa 2 ikatoa 8, tanzu 2, kidato cha nne 2.1, na nyongeza ya msichana 1.5. Jumla ikawa 46.6. Katika safu ya pili tulichukua kozi iliyoweka dini na fasihi kuwa masomo ya lazima na historia kuwa somo husika. Hapo 30 na 10 na 2 na 2.1 na 1.5 zikatoa 45.6. Katika safu ya tatu tukaichukua kozi iliyoyataja yaleyale mawili lakini historia haimo kabisa katika orodha yake. B yake ya historia, ambayo kwingine ilikuwa na thamani ya 15, hapa ikawa 2.5 tu, na jumla ikaporomoka hadi 38.1. Aliitazama ile safu ya tatu kwa muda mrefu, kidole kikiwa juu ya namba. Ni slipu ileile, mtoto yuleyule, na tofauti ya pointi 8.5 imetokana na orodha ya masomo peke yake.

Kwa hiyo usimwulize mtu kama pointi zako zinatosha. Tafuta tangazo la udahili la mwaka wako, lisome jedwali la kozi unayoitaka somo kwa somo, ukapige hesabu kwa mkono wako. Rudia hesabu hiyo kwa kila kozi utakayoiandika kwenye fomu, kwa maana mpangilio wa chaguo lako unapaswa kufuata namba hizo pamoja na moyo wako. Kiwango cha chini cha kuingilia, ambacho wengi hukiita katofu, hakipangwi kabla. Hujulikana baada ya nafasi kujaa, kwa kuangalia uzito wa mtu wa mwisho aliyechukuliwa. Katofu ya mwaka uliopita hukupa makadirio, haikupi ahadi. Jihadhari pia usichanganye katofu ya wanaofadhiliwa na serikali na ya wanaojilipia, kwa kuwa ya kwanza huwa juu zaidi.

Kwa walio chini ya mtaala mpya wa sekondari ulioanza mwaka 2020, slipu ya kidato cha nne ni tofauti. Kundi la kwanza lilifanya mtihani mwaka 2024, na matokeo yake hutolewa kwa herufi A hadi E bila madaraja ya zamani, huku asilimia 20 ya alama ikitokana na kazi za darasani na asilimia 80 ikitokana na mtihani wa mwisho. Mwenye cheti hicho asitumie namba za distinksheni na krediti nilizozitaja hapo juu; atumie jedwali ambalo chuo kinalitoa kwa ajili ya vyeti vya herufi. Na kwa mwanafunzi aliye bado kidato cha tatu, ile asilimia 20 inakusanywa sasa hivi, mradi baada ya mradi, na hairudi.

Hatua ya nne: Chagua mlango

Mlango wa moja kwa moja tumeshauona. Aliyetimiza masharti na uzito wake unaelekea kutosha aombe, na aandike zaidi ya kozi moja. Nafasi za ufadhili wa serikali kwa vyuo vyote vya umma zimekuwa kama 4,000 kwa mwaka, nyingine zikitolewa kwa ushindani wa taifa, nyingine kwa mgao wa wilaya, na nyingine kwa watu wenye ulemavu na wanamichezo. Sayansi hupewa kipaumbele, na kozi za sanaa na jamii hupata sehemu ndogo. Mikopo ya elimu ya juu iliyowekewa sheria mwaka 2014 nayo imeelekezwa zaidi kwenye sayansi. Mzazi anayepanga mtoto asome saikolojia ajiandae kulipa, na anapouliza ada aulize pia michango mingine ya kila muhula, kwa sababu hiyo ndiyo inayoivuruga bajeti ya familia.

Mlango wa stashahada unawafaa wale waliopata pasi kuu moja na pasi tanzu, pamoja na wale waliokwisha kuanza kazi. Unasoma stashahada, kwa kawaida miaka miwili, katika fani inayokaribiana na saikolojia, kama vile ushauri nasaha, ustawi wa jamii, ualimu au uuguzi wa akili, kisha unaomba shahada kwa kutumia stashahada hiyo. Mambo mawili ndiyo huamua hapa. Kwanza ni kiwango cha kufaulu: vyuo hutaka stashahada ya daraja la pili au krediti na kuendelea, na aliyefaulu kwa pasi ya kawaida hubaki nje. Pili ni uhusiano wa fani: stashahada ya uhasibu haitakufikisha kwenye saikolojia ya jamii kwa urahisi, hata ikiwa ya daraja la kwanza. Kabla hujalipa ada ya stashahada, nenda kwenye ofisi ya msajili wa chuo kikuu unachokilenga, uulize kama stashahada hiyo yenye jina hilo inakubaliwa kwa shahada ile, na uombe kuonyeshwa mahali ilipoandikwa.

Nasema hivyo kwa uchungu. Mpwa wangu alilipiwa mwaka mzima katika chuo kimoja kilichomwahidi kwamba cheti chake kingemwingiza katika shahada ya ushauri nasaha. Programu yenyewe haikuwa imeidhinishwa. Mama yake, ambaye ni dada yangu, alikuwa ameuza ng'ombe wawili kwa ajili ya mwaka ule.

Mlango wa cheti cha elimu ya juu ni wa mwaka mmoja. Uliwekwa na Baraza la Taifa la Elimu ya Juu, NCHE, kwa ajili ya wale waliomaliza kidato cha sita wakapungukiwa, kwa mfano wenye pasi kuu moja na tanzu mbili, ili wajaze pengo kabla ya kuanza shahada. Ni njia fupi kuliko stashahada, lakini ina upungufu wake: ukiishia hapo, huna taaluma mkononi, ilhali mwenye stashahada ya ushauri nasaha anaweza kuajiriwa. Maoni yangu ni kwamba kijana wa miaka 19 ambaye familia yake ina uwezo wa kulipa mwaka mmoja na kisha mitatu bila kukatiza achukue cheti. Ambaye fedha zake hazina uhakika achukue stashahada, kwa kuwa akikwama katikati ya safari atakuwa na kitu cha kumpatia kipato. Chagua cheti cha upande wa sanaa na jamii, si cha biashara wala cha sayansi, ikiwa lengo ni saikolojia ya jamii.

Mlango wa watu wazima ni wa mwenye umri wa miaka 25 au zaidi. Hapa alama za zamani hazikushindanishi. Unafanya mtihani maalumu wa kuingilia. Mtihani wa aina hii hupima uwezo wa kusoma kwa makini, kufikiri na kueleza hoja, na mambo yanayoendelea nchini na duniani. Wanaofeli, kwa nilivyoona, hufeli kwa sababu hawajaandika insha kwa miaka mingi, wala si kwa ukosefu wa akili. Ukiwa na miezi mitatu, andika insha moja kila wiki ndani ya muda uliopimwa, mpe mwalimu aisahihishe, na soma gazeti kila siku ukiandika muhtasari wa habari moja. Hakikisha chuo kinachotoa mtihani huo kina idhini ya NCHE ya kuutoa, na ukishafaulu usikae na cheti chake, kwa kuwa hudumu miaka miwili tu. Manesi, walimu, wachungaji, maimamu na maafisa wa maendeleo ya jamii wenye uzoefu wa kusikiliza watu huufaa sana mlango huu, na ningependa wengi zaidi waujaribu.

Mlango wa vyeti vya nje unatuhusu hasa sisi tunaozungumza Kiswahili, kwa kuwa wengi wetu tumevuka mpaka mmoja au mwingine. Mwenye KCSE, yaani cheti cha sekondari cha Kenya, cheti cha kidato cha sita cha Tanzania au cheti cha Kongo lazima kwanza asawazishiwe. Cheti cha sekondari husawazishwa na UNEB; stashahada na shahada husawazishwa na NCHE. Wengi hupoteza wiki kwa kupeleka karatasi kwenye ofisi isiyo yake.

Mama mmoja Mkongomani anayeishi katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale aliniletea karatasi ya binti yake ikiwa ndani ya mfuko wa nailoni, ameikunja juu ya kadi za mgao. Akaniambia, "Mwalimu, mtoto tayari ana diploma, kwa nini wanamwambia hana?" Ilikuwa Diplôme d'État. Neno ndilo lililowapoteza. Katika Kongo hiyo ni hati ya kumaliza sekondari, wakati hapa Uganda diploma ni stashahada ya chuo baada ya sekondari. Binti alikuwa ameomba shahada kupitia mlango wa stashahada na akakataliwa, lakini hati yake ilikuwa halali kabisa kwa mlango mwingine. Tulianza upya: tafsiri rasmi ya Kifaransa kwenda Kiingereza, kisha UNEB, kisha fomu. Mwenye hati ya aina hiyo aanze kazi hii miezi kadhaa kabla ya udahili kufunguliwa.

Wapo pia wenye shahada ya fani nyingine. Mwalimu mwenye shahada ya elimu amekwisha kusoma saikolojia ya elimu ndani yake, na anaweza kuendelea na uzamili wa saikolojia ya elimu bila kuanza shahada nyingine. Wanaoulizia Uingereza wajue kwamba huko kuna kozi za kugeuza fani, ambapo mwenye shahada ya somo jingine husoma uzamili ulioidhinishwa na British Psychological Society na kupata msingi sawa na wa aliyesoma saikolojia tangu mwanzo. Kuwa mwanasaikolojia tiba kule hudai udaktari wa miaka mitatu juu ya hapo.

Hatua ya tano: Kagua kozi na karatasi zako

NCHE ilianzishwa chini ya sheria ya vyuo vikuu ya mwaka 2001, na moja ya kazi zake ni kuidhinisha kila programu kwa muda maalumu. Mwaka 2023 nchi nzima ilizungumzia orodha ndefu ya programu ambazo muda wake ulikuwa umepita, zikiwemo za vyuo vyenye majina makubwa. Kwa hiyo usitosheke na jina la chuo. Tafuta jina kamili la shahada katika orodha ya NCHE, uangalie tarehe, na kama inaonekana iko kwenye mapitio, uliza chuo kwa maandishi.

Karatasi zenyewe ni chache, lakini hukwamisha. Jina lililo kwenye cheti cha kidato cha nne, cha kidato cha sita na kitambulisho cha taifa lazima lifanane herufi kwa herufi. Nakato aliyeandikwa Nakatto kwenye cheti kimoja atatakiwa kuleta kiapo cha kisheria, na mambo hayo hayakamiliki kwa siku mbili. Maombi ya Makerere hufanyika kwenye mtandao kupitia mfumo wa ACMIS; piga picha ya kila ukurasa kabla ya kuendelea mbele, tunza risiti ya malipo, na usimwachie mtu wa duka la intaneti akuwekee barua pepe yake mwenyewe. Nimeona barua ya udahili ikikaa miezi miwili katika akaunti ya mtu ambaye mwanafunzi hamjui hata kwa jina.

Hatua ya sita: Jiandae kwa kozi yenyewe

Wanafunzi wengi hudhani saikolojia ni kozi ya kuzungumza. Wanashtuka mwaka wa kwanza wanapokutana na takwimu na mbinu za utafiti. Kama uliikimbia hisabati kidato cha nne, tumia miezi ya kusubiri kurudia wastani, asilimia, grafu na uwezekano.

Na kwa wale wanaoniambia kwamba hii ni elimu ya Wazungu isiyotuhusu, huwaeleza kisa kimoja. Mwaka 1954 mwanasaikolojia Mary Ainsworth alifika Kampala na kuanza kuwatembelea akina mama wa Kiganda katika vijiji vya karibu, nyumba kwa nyumba, akiwatazama watoto wachanga wanavyolia mama akiondoka, wanavyotulia akirudi, wanavyomtumia kama ngome ya kuanzia kutambaa na kuchunguza. Familia zilikuwa 26. Matokeo yake aliyachapisha mwaka 1967, na nadharia ya mfungamano wa mama na mtoto inayofundishwa leo duniani kote imejengwa kwa sehemu kubwa juu ya yale aliyoyaona pale. Zana zake zilikuwa macho, mkalimani na daftari. Anayetaka kozi hii aanze sasa kujizoeza kutazama mtu kwa saa nzima na kuandika alichokiona, bila kuongeza anachokidhani.

Kisha kuna alama za chuo kikuu, ambazo mwanafunzi wa kidato cha sita haziwazii kabisa. Makerere hutumia wastani wa hadi 5.00: kuanzia 4.40 ni daraja la kwanza, 3.60 hadi 4.39 ni daraja la pili la juu, 2.80 hadi 3.59 ni daraja la pili la chini, na chini ya hapo ni pasi. Uzamili kwa kawaida hudai daraja la pili angalau, na nafasi za saikolojia tiba ni chache. Wastani hujengwa tangu muhula wa kwanza, na somo la takwimu ulilolifeli likakurudisha kwenye riteki, yaani kurudia mtihani, hubaki kwenye nakala ya alama zako wakati kamati ya uzamili inapoisoma. Yule msichana wa pointi 17 aliingia saikolojia ya jamii akijilipia. Mwaka jana alinitumia picha ya alama zake za muhula wa kwanza, akaizungushia duara somo moja tu, takwimu, na chini yake akaandika kwamba Jumamosi ameanza kulirudia na wenzake watatu, chini ya mwembe wa hosteli, kabla halijamharibia hesabu.